Bibi, kituo cha mchana au darasa la awali: pa kumwacha mtoto Kigoma kulingana na akili yake ilipofikia

Mama aliyeajiriwa akimaliza likizo ya uzazi, siku 84 au 100 kama ni mapacha, ana njia mbili mbele yake, na ya tatu inamsubiri. Mtoto abaki nyumbani na bibi, shangazi au dada wa kazi. Au apelekwe kituo cha kulelea watoto mchana, ambacho wengi bado tunakiita chekechea. Akishakua, lipo darasa la awali katika shule ya msingi ya mtaani. Kuanzia Mwanga hadi Ujiji, mazungumzo ya wazazi juu ya njia hizi huishia kwenye ada na umbali. Ni mambo ya kweli, hayakwepeki. Lakini swali la kwanza ni hili: akili ya mtoto huyu, kwa miezi aliyo nayo leo, iko kwenye kazi gani? Mahali pazuri kwa mtoto wa miaka 4 panaweza kumnyima mengi wa miezi 10, na bibi anayemfaa kabisa wa miezi 10 huenda asimtoshe wa miaka 4.

Msimamo wetu ni huu. Kabla ya miaka miwili na nusu hivi, kinachomjenga mtoto ni mtu mmoja au wawili wasiobadilika, wanaomjibu. Kuanzia miaka 3 anahitaji wenzake na mchezo wenye mpango. Darasa la awali ni la miaka 5. Mwenye kituo anayekushawishi umhamishie mtoto kwake kwa sababu watoto wake wa miaka 3 wanaandika a, e, i, o, u anakuonyesha kitu kisichokuwa na uzito unaodhaniwa, na sababu zake tutazieleza.

Kabla ya miezi 8: nyumbani kunashinda

Jean Piaget, mwanasaikolojia wa Uswisi (1896–1980), aliiita miaka 2 ya kwanza hatua ya hisi na vitendo. Mtoto anakijua kitu kwa kukitazama, kukishika, kukinyonya na kukigonga. Wiki ya 6 hivi anatabasamu akiona uso. Miezi 4 hadi 5 anaufikisha mkono kwenye kitu kilicho mbele yake. Muda si mrefu anagundua jambo kubwa kuliko yote ya umri huo: nikifanya hivi, kinatokea kile. Anapiga teke, njuga inalia. Anatoa sauti, uso wa mama unageuka.

Kituo chenye watoto wachanga wengi hukwama hapo hapo. Jibu linalochelewa dakika nzima mtoto wa miezi 5 haliunganishi na sauti aliyoitoa; linatakiwa lije ndani ya sekunde chache. Miongozo mingi ya kimataifa inataka mlezi mmoja kwa watoto wachanga 3 au 4. Ukikuta mlezi mmoja ana watoto 10 wa chini ya mwaka mmoja, hata awe na moyo wa dhahabu, atalisha na kubadilisha nepi, basi. Muda wa kujibizana hautapatikana.

Bibi au dada wa kazi mwenye mtoto mmoja anayo nafasi hiyo, ila si kila mmoja anaitumia. Mambo mawili huharibika nyumbani. La kwanza ni imani kwamba mtoto mchanga bado haelewi, kwa hiyo hakuna haja ya kumsemesha. Haelewi maneno, ni kweli, lakini masikio yake yanachambua sauti za lugha usiku na mchana. Kati ya miezi 6 na 12 uwezo wake wa kutofautisha sauti zisizotumika kwenye lugha za nyumbani kwao hupungua, na wa zile zinazotumika hunolewa. Kazi hiyo inafanyika hata kama hakuna anayeiona.

La pili ni mgongo. Mtoto kubebwa mgongoni ni jambo jema: joto, mwendo, na anayaona yote anayoyaona mama sokoni. Hata hivyo mwongozo wa Shirika la Afya Duniani wa mwaka 2019 unasema mtoto asifungwe mahali pamoja, mgongoni pakiwemo, zaidi ya saa 1 kwa mfululizo, na asiyeanza kutambaa alazwe kifudifudi akiwa macho angalau dakika 30 kwa siku, zikigawanywa vipande vipande. Mwambie bibi hivyo kwa lugha ya kawaida: kila baada ya kazi moja, mtoto mkekani, kifudifudi, dakika 5, wewe ukiwa mbele yake.

Miezi 8 hadi 18: wakati mgumu wa kubadilisha mlezi

Kaa na mtoto mkekani. Weka mbele yake kijiko anachokipenda, na akiwa anatazama, kifunike kwa kipande cha kitenge. Mtoto wa miezi 5 au 6 aliyekuwa ameshanyoosha mkono ataurudisha na kugeukia kitu kingine, utadhani kijiko hakijawahi kuwepo. Wa miezi 8 au 9 atavuta kitenge. Sasa ongeza kitenge cha pili, kimoja kulia na kingine kushoto. Ficha kijiko kulia mara mbili tatu, mwache akitoe. Halafu, macho yake yakiona wazi, kifiche kushoto, na usubiri sekunde tatu nne kabla ya kumruhusu. Wa miezi 9 au 10 mara nyingi ataenda tena kulia, pale alipozoea kukipata. Akifikisha mwaka kosa hilo huwa limepungua sana.

Piaget alisema mtoto anaanza kujua kuwa kitu kipo ingawa hakionekani akiwa na miezi 8 hivi. Mwanasaikolojia Renée Baillargeon na wenzake, katika miaka ya 1980, walionyesha kwamba hata wa miezi mitatu na nusu hadi mitano hukodolea macho kwa muda mrefu zaidi tukio lisilowezekana, mfano ubao unaoonekana kupita mahali palipofichwa boksi. Kwa hiyo kujua kunatangulia. Kinachochelewa ni kukumbuka kwa sekunde kadhaa, kuuzuia mkono usirudie ulichozoea, na kupanga tendo.

Hili linahusu moja kwa moja uamuzi wa mzazi. Mtoto wa miezi 9 sasa anajua kwamba mama akitoka mlangoni bado yupo mahali fulani. Asichokijua ni kwamba saa kumi atarudi. Ndiyo maana kilio cha kuachwa huanza karibu na umri huu, hupanda kati ya miezi 10 na 18, kisha hupungua. Mama anayesema "zamani alikuwa anabebwa na kila mtu, sasa amedeka" anaangalia maendeleo na kuyaita tabia mbaya.

Kama lazima umwanzishe kituo ndani ya kipindi hiki, usifanye kwa siku moja. Siku mbili za mwanzo kaa naye hapo saa nzima, mlezi yule yule akikaribia kidogo kidogo. Siku ya tatu na ya nne, aga, toka dakika 15, rudi. Kisha dakika 30, kisha saa 1, kisha mpaka baada ya uji, kisha mpaka baada ya usingizi wa mchana. Ipe kazi hiyo wiki mbili. Acha kanga uliyoivaa, yenye harufu yako. Na usitoroke. Kutoroka mtoto akiwa amegeukia kichezeo hukupunguzia wewe dakika tano za kilio, lakini humfundisha mtoto kwamba mama anaweza kutoweka wakati wowote, na kesho yake hatathubutu kuchezea chochote kwa kukuchunga usitoroke. Mwajiri wako anatakiwa na sheria akupe hadi saa 2 kwa siku za kunyonyesha; wengi hawaziombi, na zingetosha kabisa kulisaidia zoezi hili.

Nyumbani nako kuna shimo la umri huu: dada wa kazi anayebadilika kila baada ya miezi michache. Kila mlezi mpya ni kuanza upya kujifunza uso, sauti na namna ya kubebwa. Ukilazimika kubadilisha, wawili hao wakae pamoja nyumbani angalau wiki moja kabla wa kwanza hajaondoka. Inakugharimu mshahara wa wiki moja zaidi. Ni katika matumizi yenye faida kubwa utakayoyafanya kwa mtoto huyo.

Kati ya miezi 9 na 14 kinatokea kidole. Mtoto anaonyesha kuku, anakutazama usoni, anarudi kumtazama kuku. Hataki kupewa kuku. Anataka mmtazame pamoja. Hapo ndipo neno linapopandwa. Mlezi akisema "eeh, kuku, anakula" ndani ya sekunde mbili tatu, neno linakaa juu ya kitu ambacho tayari mtoto amekielekezea akili. Mlezi akiwa kwenye simu, kidole kinashuka. Ukitembelea kituo au ukimchunguza dada wa kazi mpya, hesabu vidole: vimeonyeshwa vingapi, vimejibiwa vingapi.

Miezi 18 hadi miaka 3: njia zinaanza kukaribiana

Katikati ya mwaka wa pili mtoto aliyepakwa rangi puani bila kujua, akijitazama kwenye kioo, hugusa pua yake mwenyewe na siyo kioo. Anajijua. Maneno yanaongezeka, na akifikisha miaka 2 tunategemea awe na maneno 50 au zaidi na aunganishe mawili: "maji bado", "baba kazini". Anaanza kuigiza: gunzi ni simu, boksi ni basi la Kasulu. Piaget aliliona jambo hili kuwa mlango wa hatua inayofuata, ambamo kitu kimoja kinaweza kusimama badala ya kingine. Herufi na tarakimu, zikija, zitakuwa mchezo huo huo.

Bibi wa Kigoma ana silaha ambayo vituo vingi havina: hadithi, nyimbo za kubembeleza, na Kiha, lugha ya Waha. Wazazi wengi wa mjini wanaogopa kwamba Kiha nyumbani kitamchelewesha Kiswahili. Lugha mbili hazimcheleweshi mtoto kuongea. Ukihesabu maneno yake, hesabu ya lugha zote mbili kwa pamoja: maneno 30 ya Kiha na 25 ya Kiswahili ni maneno 55. Kinachomkwamisha ni kusemeshwa kidogo katika lugha zote. Mtoto wa vijijini Buhigwe au Kakonko atakayekutana na Kiswahili kwa mara ya kwanza darasani ana kazi zaidi mbele yake, ni kweli, lakini dhana ya "kubwa kuliko" aliyoipata kwa Kiha hatalazimika kuijifunza tena. Atatafuta neno tu.

Udhaifu wa nyumbani katika umri huu ni televisheni na simu. Katuni haimjibu mtoto. Utafiti wa Patricia Kuhl, mtaalamu wa lugha ya watoto, wa mwaka 2003 uliwapa watoto wa miezi 9 wa Marekani vipindi vya Kichina: waliokaa na mtu anayecheza nao walijifunza kutofautisha sauti zake, waliotazama mtu yule yule kwenye video hawakupata kitu. Shirika la Afya Duniani linasema chini ya miaka 2 asitazame kabisa, na kati ya miaka 2 na 4 isizidi saa 1 kwa siku. Dada wa kazi aliyeachiwa kufua, kupika na kuangalia mtoto atawasha televisheni. Nani angeweza vinginevyo? Kama unamtaka awe mlezi, mpunguzie kazi nyingine hadharani, siyo kwa kumwachia afikirie.

Kipo na kile tunachokiona sana wakati wa masika na palizi: mtoto wa miaka 2 kuachwa chini ya dada yake wa miaka 7. Watoto wakubwa ni wachezaji bora. Si walezi. Wa miaka 7 mwenyewe bado ndiyo kwanza anajifunza kushika mambo mawili akilini kwa wakati mmoja, na ukimtaka acheze, apike na amwangalie mdogo asifike kisimani au majini, jambo moja litaanguka.

Kituo kwa umri huu kinaweza kufaa ikiwa kundi ni dogo, mlezi mmoja kwa watoto 6 hivi. Kuanzia miaka miwili na nusu, nusu siku kituoni na nusu kwa bibi ndiyo mpango tunaoupenda kuliko yote.

Miaka 3 hadi 5: kituo kizuri kinaipita nyumba, kibovu hakiipiti

Chukua kiberiti, toa vijiti, tia maharage. Mwite mtoto umuulize, "Humu mna nini?" Atasema vijiti, au kiberiti. Mfungulie aone maharage, kisha funga. "Bibi yuko nje, hajaona. Akija, atasema humu mna nini?" Wa miaka 3 atajibu bila wasiwasi: "Maharage." Muulize yeye mwenyewe alidhani mna nini kabla hujafungua. "Maharage." Wa miaka 4 na nusu au 5 atacheka na kusema bibi atadhani ni vijiti. Kati ya umri huo na ule amegundua kwamba mtu anaweza kuamini kitu kisicho kweli, na kwamba kichwa cha mwingine si chake.

Jambo hili halifundishwi ubaoni. Linakwenda pamoja na kuigiza na wenzake, kugombania zamu, na kusikia watu wazima wakisema "Juma alidhani umemnyang'anya". Nyumbani peke yake na bibi, mtoto anakosa wa kubishana naye wa rika lake. Ndiyo sababu kubwa ya kumpeleka kituoni, na ndiyo inayotajwa kwa nadra kwenye vipeperushi.

Kuhesabu ni hivyo hivyo. Vituo hupenda kuwaonyesha wazazi watoto wakiimba moja hadi ishirini kwa pamoja. Mpime wako nyumbani: mwagia punje za mahindi mezani, mwambie, "Nipe 4." Mtoto wa miaka 3 anayeimba hadi 20 vizuri anaweza kukuchotea konzi nzima. Kuimba ni kumbukumbu ya wimbo. Kujua kwamba neno la mwisho katika kuhesabu ndilo idadi ya vitu vyote kwa kawaida huja kati ya miaka mitatu na nusu na minne na kitu, na huja kwa kugusa, kugawa na kupanga vitu vingi vya kweli.

Na kuandika? Mkono una ratiba yake. Kwa kawaida mtoto huweza kunakili duara akiwa na miaka 3, msalaba akiwa na 4, mraba karibu na 5, pembetatu baada ya hapo. Herufi k ina mistari miwili ya mshazari inayokutana. Mtoto wa miaka 3 anayelazimishwa kuiandika hujifunza kukaza vidole, kushika penseli kwa ngumi na kuchukia daftari, kisha akifika darasa la kwanza mwalimu anaanza kuvunja mshiko huo. Udongo, mchanga, kukoroga, kukamua nguo, kushona shanga kubwa kwenye uzi: hayo ndiyo mazoezi ya kuandika ya miaka 3 na 4.

Ukienda kuangalia kituo, omba ukae kona moja dakika 20, asubuhi ya saa tatu, siyo siku ya wazazi. Tazama haya.

Vichezeo viko chini, mtoto anafikia, au vimepangwa juu ya kabati vinang'aa? Walezi wanachuchumaa hadi usawa wa macho ya watoto? Mtoto akilia, nani anamwendea na baada ya muda gani? Sauti za watoto zinasikika wakiongea wao kwa wao, au kuna kimya kinachosifiwa kuwa nidhamu? Darasa la watoto wa miaka 4 lililo kimya kwa dakika 20 linatutia wasiwasi kuliko lenye kelele.

Kisha uliza: walezi wangapi wameondoka tangu mwaka jana? Watoto hulala wapi, na kuna vyandarua? Maji ya kunawa yako wapi? Nani anaruhusiwa kumchukua mtoto, na bodaboda asiyejulikana akija atafanywaje? Omba kuona cheti cha usajili. Chini ya Sheria ya Mtoto ya mwaka 2009, kituo cha kulelea watoto mchana kinapaswa kusajiliwa, na ofisi ya ustawi wa jamii ya halmashauri yako ndiyo ya kuuliza. Mwenye kituo anayekasirika kuulizwa cheti ameshakujibu.

Uwiano tunaoukubali kwa miaka 3 hadi 5 ni mlezi mmoja kwa watoto 10 hadi 15. Kituo chenye 40 na mlezi mmoja kimegeuka sehemu ya kusubiria, na hapo bibi na watoto watatu wa jirani uani ni bora, tena bila ada.

Miaka 5: darasa la awali

Awali ni mwaka mmoja kabla ya darasa la kwanza, na imekusudiwa mtoto wa miaka 5. Katika shule za serikali haina ada tangu mwaka 2016, ingawa sare, daftari na mchango wa uji vitakufikia. Kiwango cha taifa ni watoto 25 kwa mwalimu mmoja. Si ajabu kukuta mara mbili ya hao au zaidi, hivyo nenda Januari mapema ukaone kwa macho. Mtaala umepanga vipindi vifupi vya dakika 20 na kona za ujifunzaji, yaani sehemu za darasa zenye vifaa vya kushika na kuchezea. Kwa hiyo kona ukizikosa, na watoto wamekaa saa nzima wakirudia silabi, kosa si la mtaala.

Kwa nini siyo miaka 3 au 4, "amsindikize kaka yake"? Kwa sababu ya kuzuia na kubadili. Tafuta vifuniko vya chupa vya rangi mbili na ukubwa wa aina mbili. Mwambie mtoto apange kwa rangi. Akimaliza: "Sasa mchezo umebadilika, panga kwa ukubwa." Wa miaka 3 anaweza hata kuirudia kanuni mpya kwa mdomo, halafu mkono ukaendelea kupanga kwa rangi. Wa miaka 5 hubadilika. Darasa zima linadai uwezo huo: sasa kaa, sasa simama, sasa sikiliza, sasa weka chini. Mtoto wa miaka 3 katikati ya 60 wa miaka 5 anafuata wenzake kwa macho bila kuelewa kanuni, na mwaka unaofuata anarudia awali, safari hii akiwa amejifunza kuwa shule ni mahali pa kutoelewa.

Mtoto wa awali bado ana vikwazo vyake. Mimina maji sawa kwenye vikombe viwili, akubali ni sawa, kisha kimoja kimimine kwenye chupa nyembamba. Wengi watasema ya chupani yameongezeka, na wataendelea kusema hivyo hadi miaka 6 au 7. Mwalimu anayeanza na 3 + 2 ubaoni kabla ya vizibo na punje mkononi anajenga juu ya kitu hicho kisichotulia. Lev Vygotsky, mwanasaikolojia wa Kisovieti, aliiweka hoja hii kwa namna inayomfaa mwalimu: fundisha kile ambacho mtoto hawezi peke yake ila anaweza akishikwa mkono. Kilicho mbali zaidi ya hapo ni kupoteza muda, na anachokiweza tayari ni kumchosha.

Kwa mtazamo mmoja

| | Nyumbani (bibi, dada wa kazi) | Kituo cha mchana | Darasa la awali |
|---|---|---|---|
| Umri unaofaa zaidi | 0 hadi miaka 2½ | miaka 2½ hadi 5 | miaka 5 |
| Nguvu yake | kujibiwa haraka, lugha ya nyumbani | wenzake, mchezo wenye mpango | maandalizi ya darasa la kwanza |
| Kinachoiharibu | televisheni, kazi nyingi, kubadilisha walezi | watoto wengi kwa mlezi, herufi mapema | msongamano, watoto wadogo waliosindikiza |
| Saa | zinabadilika na kazi yako | asubuhi hadi jioni, kwa kawaida | asubuhi tu |
| Gharama isiyotajwa | chakula na malazi ya mlezi | usafiri, wiki mbili za kuzoesha | sare, uji, nani ampokee akitoka |

Yasiyotegemea umemwacha wapi

Akili inajengwa kwa chakula pia, na upungufu wa madini ya chuma katika miaka 2 ya kwanza unaigusa kumbukumbu na uangalifu wa mtoto. Baada ya miezi 6 ya maziwa ya mama pekee, uji uwe mzito, usidondoke kwenye kijiko kama maji. Dagaa wetu waliosagwa, kijiko kimoja cha chakula kwenye bakuli, na mawese kidogo kwa ajili ya vitamini A, vinatosha kuubadilisha uji huo. Waliokaushwa chini mchangani waoshwe vizuri na kukaushwa tena kabla ya kusagwa. Waliokaushwa kwenye vichanja hawana taabu hiyo. Na chandarua kila usiku, kwa sababu malaria kali inaweza kuacha madhara kwenye ubongo.

Usingizi: miaka 1 hadi 2 saa 11 hadi 14 kwa siku pamoja na wa mchana, miaka 3 hadi 4 saa 10 hadi 13. Kituo kisicho na mahali pa kulala kinawarudisha watoto wakali jioni.

Mpeleke kliniki bila kusubiri "ataongea tu" ikiwa kwa miezi 12 habwabwaji wala haonyeshi kitu, kwa miezi 16 hana neno, kwa miaka 2 haunganishi maneno mawili, haitikii sauti nyuma yake, au amepoteza uwezo aliokuwa nao. Omba masikio yapimwe kwanza. Kubadilisha kituo hakutatibu masikio.

Tukichagua kwa hali halisi

Mwalimu au muuguzi wa mjini, saa zake zinajulikana: bibi au dada wa kazi mmoja hadi miaka miwili na nusu, kisha nusu siku kituoni, kisha siku nzima, kisha awali akifikisha 5. Kama hakuna bibi na dada wa kazi hapatikani, kituo chenye wachanga 4 kwa mlezi kinakubalika, lakini usianze na miezi 9 kama unaweza kuanza na 6 au kusubiri 18.

Anayefanya kazi ya dagaa Kibirizi, mwalo wa wavuvi ziwani, ana tatizo jingine. Mitumbwi hutoka usiku wa giza na kurudi alfajiri, na mbalamwezi ikiwa kubwa kazi husimama. Hakuna kituo kinachofuata mwezi. Hapo kina mama wanne watano wa mwalo mmoja wakimlipa mtu mzima mmoja, awe yule yule kila siku, mwenye nyumba iliyo mbali na maji, watapata zaidi ya kituo cha saa moja asubuhi. Siku za mbalamwezi wapeane zamu ya kushinda naye na kuona anavyowajibu watoto.

Mkulima wa Kasulu au Buhigwe wakati wa palizi: mchukue wa chini ya mwaka mmoja shambani, akae kivulini na mtu mzima mmoja asiyelima siku hiyo. Wa miaka 3 na zaidi wakusanywe kijijini chini ya bibi mmoja au wawili, si zaidi ya watoto 10 kwa kila mmoja, wakiwa na mchanga, magunzi, vizibo na ndoo ya maji ya kunawa. Dada wa miaka 7 aende shule.